Chakula cha Eropleni

Niliamini kwa moyo wote kwamba eropleni hula majani. Hata leo, petroli ikimwagika kwenye majani makavu, harufu yake hunirudisha utotoni, uwanja wa ndege wa Dodoma, enzi za Mwingereza, kipupwe kikiuma masikio kama siafu.

Majani yalikuwa yamebaki uwanjani tu. Ng'ombe wetu mmoja, tegemeo la maziwa ya mdogo wangu, alikuwa amekonda hata ungeweza kumtundika msumarini kama koti. Akishang'ata mara mbili tatu, mlinzi anatufukuza.

"Toka. Hicho ni chakula cha eropleni."

"Inakula saa ngapi, babu?"

"Ukishalala."

Asubuhi moja eropleni ndogo ilikimbia, ikakimbia, nikadhani itafika Singida kwa magurudumu. Ikajiinua kidogo, kisha ikaangukia ua wa minyaa. Rubani alitoka akichechemea, petroli ikinuka kila mahali.

Bibi yangu akanikazia macho. "Umeona? Imezimia kwa njaa. Huyo ng'ombe asikanyage tena pale."

Hakukanyaga. Maziwa yakakauka, mdogo wangu akalia hadi sauti ikamwisha, na mimi nikaichukia ile eropleni, mlafi kuliko fisi.

Nilikuwa mtu mzima nilipokisimulia kisa hiki kwenye shule ya usiku, darasa zima likicheka. Mwalimu, aliyewahi kufanya kazi pale uwanjani, hakucheka.

"Eropleni haili majani," alisema. "Rubani aliondoka upepo ukiwa mgongoni, badala ya kuukabili. Majani yale wenye uwanja walikuwa wanayafyeka na kuyachoma moto tu."