Zima Kwanza

Mtaa mzima unamwita mume wangu Zima Kwanza. Ni fundi umeme, na hagusi hata taa kabla hajazima swichi kuu, akapima, kisha akapima tena kana kwamba kipimo chenyewe ni tapeli. Nyumba za wateja zinapendeza. Kwetu waya zilining'inia sebuleni kama kamba za kuanikia nguo. Nikamwambia kwamba mama yangu anakuja, na akinikuta hivi, bwana fundi atahamia kwenye kochi.

Basi akabandua zile mbao zinazozunguka chini ya ukuta, akapitisha waya nyuma yake ndani ya bomba za plastiki, akaanza kuzirudishia mbao kwa skrubu. Kila palipopita waya alichora alama ya penseli, mtu asije akapigilia kitu hapo.

Mama aliwasili umeme ukiwa umezimwa, na jioni ile ana tamthilia yake.

"Mwanangu, hii ni nyumba au pango?"

"Bado kupima tu, Mama."

"Basi pima upesi, la sivyo nalala kwangu leo."

Mama akisema anaondoka, huondoka kweli, nami nilikuwa na hamu naye sana.

Betri za kipimo zilikuwa zimekwisha. Mume wangu akakimbilia dukani, huku nyuma nikiwa jikoni nikasikia nyundo. Mama ni mjane wa seremala; aliona ubao unacheza, roho ikamuuma. Zile alama alidhani ni uchafu, akazipangusa kwa kitambaa chenye sabuni. Nilimkuta amepiga magoti, msumari umezama wote.

"Ubao hufungwa hivi," akaniambia, kifua mbele.

Fundi aliporudi alipima, akanuna, akaufungua ule ubao. Msumari ulikuwa umetoboa bomba na kupita katikati ya waya. Mama akautazama msumari, kisha mkono wake.

"Na kama umeme ungekuwepo?"

"Mama, huenda tusingekuwa tunaongea."

Mimi nililia palepale, na sioni haya kusema. Tamthilia ikapita, hakuna aliyeiulizia.

Mama yupo bado. Jana nilipanda kiti nibadilishe betri ya saa ya ukutani, nikasikia ukelele wa Mama kutoka mlango wa bafuni.

"We mtoto! Zima kwanza!"

Mume wangu akainuka, akaenda kuzima.