Kurasa Zisizokuwa na Jina la Mungu

Enzi zetu kule kijijini Lobule, Uganda, karatasi haikutupwa. Mtoto akiokota karatasi njiani alikimbia nayo nyumbani kama ameokota yai. Baba yangu, aliyekuwa anasoma somo kanisani Jumapili, alikuwa na vitabu viwili tu, Biblia na kitabu cha nyimbo. Alivifunga kwa kitambaa, akaviweka juu sana, mahali panya hawafiki. Karatasi nyingine yoyote ilikwenda kwa mama. Mama alikaanga karanga kwa mchanga na chumvi, harufu ikafika barabarani, nami nilikunja karatasi kama pembe ya mbuzi, nikajaza karanga, nikatembea nazo mpaka soko la Koboko.

Lakini kulikuwa na sheria. Baba alisema, "Kama iko jina la Mungu ndani, usifunge chakula." Kwa hiyo kila karatasi niliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, natafuta neno moja. Likikosekana, karanga. Likiwepo, naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi, na ile miaka minne ya shule haikuniongezea kusoma kwingine. Mkicheka, chekeni. Nyinyi mnapitisha kidole kwenye simu kutwa nzima, na mkiulizwa mlikuwa mnatafuta nini, hamjui.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa Zainabu, binti wa fundi cherehani, Mnubi wa Koboko mjini. Tuliruka kamba pamoja, tuliiba mapera pamoja, tulichapwa pamoja. Ila yeye alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Alisoma hata maandishi ya gunia la unga. Mwaka ule jembe liliponikata mguu, nikakaa nyumbani wiki mbili, Zainabu alitembea njia ile yote ya jua kuja kuniona. Alileta kitabu cha hadithi, hakina jalada, baba yake alikipata kwa mteja.

"Mimi nimefika nusu," aliniambia. "Lakini wewe iko na maumivu. Soma kwanza, Ayikoru. Ukimaliza unirudishie, halafu tuzungumze juu ya huyu mwanamke."

Mwanamke gani, sikuuliza. Nilijiambia, hiki si cha kanisa, tena kimetoka nyumba ya Waislamu, mimi nitafanya nacho nini? Mguu ulipopona, karatasi za mama zilikuwa zimekwisha. Nikachukua kitabu cha Zainabu. Nilichana ukurasa, nikapitisha kidole, nikakunja. Nikachana mwingine. Kurasa tatu tu zilikuwa na jina la Mungu. Hizo niliziweka.

Siku ya soko Zainabu alikuja kununua karanga kwangu. Alikula mbili tatu, akiwa anatazama karatasi kama kawaida yake. Akaacha kutafuna.

"Ayikoru. Hii si kitabu yangu?"

Ningesema pole. Neno fupi, hata mtoto mdogo analijua. Mimi nikainua kidevu, nikamjibu, "Hakuna jina la Mungu ndani. Nimeangalia."

Hakulia, wala hakunitukana. Alimwaga karanga zake juu ya meza yangu, akainyoosha ile karatasi yenye mafuta, akaikunja vizuri, akaenda nayo. Hatukuruka kamba tena.

Nimezeeka nikiwa mkali juu ya vitabu. Mjukuu wangu Faida anasoma sekondari ya Mvara, na likizo iliyopita alikuja na kitabu cha hadithi. Nikamgombeza. "Wacha upuuzi. Soma Biblia."

"Nyanya, wewe umewahi kusoma kitabu kingine hata kimoja?"

Nikafungua kitabu cha nyimbo alichoniachia baba, nimwonyeshe kwamba hiki kinatosha. Zile kurasa tatu zikaanguka. Macho yangu hayaoni vizuri sasa, kwa hiyo Faida ndiye aliyesoma. Mwanamke mjane anakimbia, amefika mtoni na mtoto mgongoni. Shemeji zake wako nyuma, wanataka mmoja wao amrithi. Anapaza sauti: "Mungu, kama ni wewe uliyeniumba, kwa nini unawasikiliza wao tu?"

Nilimwambia Faida arudie. Akarudia. Mume wangu alipokufa, mdogo wake alinirithi, na mimi nilipika ugali, nikanyamaza, nikakaa naye mpaka naye nikamzika. Sikujua kwamba mtu anaweza kuuliza. Swali hilo lilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo miaka yote, karibu na mkono wangu kila Jumapili.

Wiki ileile nilipanda boda na Faida mpaka Arua, ambako Zainabu anakaa kwa mtoto wake. Amekuwa mwembamba, sasa anavaa miwani, lakini bado ana kitabu mapajani. Nilikaa kwenye mkeka, nikamwambia, "Zainabu, nilikukosea. Nisamehe." Nikampa zile kurasa.

Alizisoma polepole, zote tatu. Kisha akavua miwani.

"Ayikoru, dada yangu, nimekusamehe zamani. Lakini hizi nilishasoma. Mimi nilifika hapa mtoni." Akanitazama. "Alivuka?"

Faida alitafuta kwenye simu yake, akachoka. Kitabu hakina jalada, hakina jina, utakitafutaje? Watoto wa leo wana vitabu ndani ya simu, ambavyo mtu hawezi kuvichana, na wengi hawavifungui. Enzi zetu kimoja kilitembea kwa miguu mpaka mlangoni kwangu.

Zainabu alikuwa bado ananingoja nijibu. Mwisho wa hadithi ile ulipita wote chini ya kidole changu, mstari kwa mstari, na mimi nilikuwa natafuta neno moja tu.