Pomboo Aliyekataa Kumwachia Binti Yangu

Usiku ule hospitalini, mlango wa chumba walimomwingiza binti yangu ulikuwa na kioo cha mviringo kilichopakwa rangi nyeupe kwa ndani. Nilitafuta mahali rangi ilipobanduka nichungulie, sikupata. Nikarudi kwenye benchi. Nikasimama tena. Mlinzi akanisihi nitulie, nikakaa, na baada ya kitambo kidogo nikajikuta nimesimama tena mlangoni.

Kwenye benchi aliketi mzamiaji wa kazini kwake, nguo zikimchuruzika maji sakafuni. Ndiye aliyemtoa binti yangu bwawani, na ndiye aliyenipigia simu. Maneno yalikuwa mawili tu: "Njoo. Anapumua." Mtu akikwambia mwanao anapumua, ujue kuna wakati alikuwa hapumui.

Huyu binti ndiye kitinda mimba wangu. Kazini wanamwita Ndoo, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila ndoo mkononi. Analisha pomboo kwenye bwawa la maonyesho, pale watu wanapokata tiketi wamwone mnyama akirukia pete. Marehemu baba yake alikuwa fundi bomba wa bwawa hilohilo. Siku za likizo alimchukua akamshikie tochi, na mtoto badala ya kumulika pampu akawa anawamulika pomboo. Baba mtu alirudi nyumbani akilalama, "Huyu mwanao atanikatisha vidole siku moja!"

Alipokua wakamwajiri. Asubuhi anayeyusha samaki waliogandishwa, anawanusa mmoja mmoja, anaficha vidonge vya vitamini kwenye matamvua, ndipo anawalisha wanyama wake. Jioni anajisugua kwa limau, lakini wapi! Shombo haliondoki. Paka wa mtaa mzima humsindikiza hadi mlangoni.

"Mwanangu, mchumba gani atastahimili harufu hii?" nilimuuliza siku moja.

"Basi nitaolewa na paka, mama. Nao ni wengi, nitachagua."

Nilicheka, lakini hakuna jioni niliyotulia kabla sijasikia geti likilia. Pomboo ni mkubwa kuliko kitanda changu. Halafu mdomo wake umeumbwa kwa kucheka. Akishiba anacheka, akiumwa anacheka, akikasirika anacheka vilevile. Mimi kiumbe nisichoweza kukisoma usoni sikiamini.

Walikuwa wawili bwawani, dume na jike. Dume walimbandika jina la Bwana Harusi kwa jinsi alivyong'aa. Jike akafa. Bwana Harusi akawa anazunguka upande mmoja tu, anasugua pua ukutani mpaka ikachubuka, samaki anawatema. Hapo ndipo mwenye bwawa alipokubali ahamishiwe baharini, kwenye ghuba iliyozungushiwa wavu, ajifunze tena kuwinda mwenyewe. Lori la kumchukua lilikuwa lije asubuhi iliyofuata usiku ule.

"Hebu niambie, ilikuwaje?" nilimuuliza mzamiaji.

Alijifuta uso. "Mama, sisi tukimaliza kazi tuna ishara. Unamwonyesha viganja vitupu, hivi. Maana yake samaki wameisha, mchezo umeisha, naondoka. Akiona hivyo anakwenda zake. Leo Ndoo hakumwonyesha."

"Alisahau?"

"Huyo asahau! Alishindwa. Aliniambia, 'Nitamwagaje? Hatuonani tena.' Akataka atoke kimyakimya, kama mnavyomtoroka mtoto akipitiwa na usingizi."

"Na yule hakuwa amelala."

"Hakuwa. Kwake mchezo ulikuwa bado. Ndoo akishika ngazi, anamsukuma arudi katikati. Akishika tena, anamsukuma. Mwishowe akambana ukutani, chini ya maji."

"Alitaka kumuua mwanangu?"

"Hapana, mama! Alitaka asiondoke."

Jibu hilo ndilo lililonitia baridi. Adui utampigia kelele, utamtupia jiwe. Huyu anayekung'ang'ania kwa mapenzi, na ana nguvu za trekta, utamwambia nini akuelewe?

Mzamiaji aliendelea, sauti imeshuka. "Pomboo nimewakuta bahari kuu, wakicheza mbele ya boti. Wakikuchoka wanapiga mbizi, kwaheri. Siku moja nikaona hata nyangumi, mama, kilima kizima kinapumua kando yetu, kikazama kikaenda zake. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Lakini humu bwawani, yeye aende wapi? Ana nani?"

"Usinihurumishe mnyama saa hizi. Wangu yuko mle ndani."

"Nisamehe, mama."

"Ulimtoaje?"

"Niliruka nikapiga maji kwa nguvu. Akageuka kunitazama. Nikamwinulia viganja. Akamwachia palepale, akaenda kona ya mbali." Akavitazama viganja vyake. "Kumbe ilikuwa hivyo tu. Nilikuwa nawaona kwa dirisha la stoo, nikadhani wanacheza. Kama ningetoka mapema..."

Meno yalikuwa yakimgongana. Nikavua mtandio nikamfunika mabega, naye akaukubali bila aibu, dume zima lile.

Ndani kulikuwa na mashine iliyolia kwa mpigo mmoja tangu nifike. Nilikuwa nimeshaizoea, hata nikawa napumua nayo. Mara ikanyamaza. Nilimshika mzamiaji mkono, kucha zikamwingia. Nilisubiri ilie tena. Haikulia. Nikasikia viti vikiburutwa, mtu akisema jambo, mwingine akimjibu kwa ufupi.

Mlango ukafunguka. Muuguzi alitoka na mfuko wa plastiki, ndani yake nguo za kazi za binti yangu, zimekunjwa vizuri. Nguo za baba yake nilikabidhiwa hivyohivyo. Nikarudi nyuma mpaka ukuta ukanizuia.

"Pokea, mama, zinaniloweshea viatu."

"Sipokei. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe?" Aliuegemea mlango kwa kiuno usijifunge. "Mwenyewe tumemzimia mashine na kumtoa mpira wa hewa kooni sasa hivi, anapumua mwenyewe. Mbavu zimevunjika, kuongea hawezi, ananong'ona tu. Kanituma nikuulize kama umekula."