Nafasi ya Kichwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hutapata hamu. Haya sikuhadithiwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, jua bado liko, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nina studio ndogo hapa Lubumbashi, njia ya Kasapa. Kazi yangu ni kupanga picha za watu ili zionyeshwe kwenye zile televizyo pana za ndoa na za kilio. Watu wanadhani ni kutia tu picha na kuondoka. Wapi. Picha nyingi za simu za zamani ni fupi na nene, televizyo ni ndefu ya kulala. Ukiivuta picha ijae, watu wanavimba mashavu kama wameumwa na nyuki. Ukiiacha ilivyo, pembeni kunabaki nyeusi huku na huku. Ukitaka ijae bila kuvimba, lazima ukate juu ao chini.

Ule mwaka vita iliangusha Goma, watu walitufikia na nguo za mwilini tu. Mama Masika alikuja hivyo, na bwana yake na binti zao, wamezungukia Tanzania na Zambia mpaka kwa shemeji yake, muuzaji wa jumla hapa mjini. Kijana wao Kambale alibaki kule kulinda depo yao ya bidhaa. Simu yake ikanyamaza. Bwana naye, ile safari ilimmaliza. Hakukaa sana, akafa.

Mama akaniletea karte ya simu ya marehemu, ile kadi ndogo inayotunza picha. Picha ya jamaa nzima ilikuwa moja tu: baba kwenye kiti, viatu vinang'aa, watoto wamemzunguka, Kambale mrefu amesimama nyuma na shati ya njano.

"Mutoto yangu, ijaze yote," akaniambia. "Ile nyeusi ya pembeni toa. Nyeusi tuko nayo ya kutosha. Na baba usimukate miguu. Mutu anaenda safari, ataenda na nini?"

Mama mfiwa huyo. Ungebishana naye wewe?

Nilipoanza tu, kuran ikakatika, mtaa mzima hauna umeme. Batri ya kompyuta ilikuwa imebaki kidogo, kwa hiyo sikupoteza wakati kunakili. Nikafanya kazi palepale kwenye karte. Mara mwanga wa mlango ukazibwa. Nikatupa jicho: kijana amesimama nje, mrefu mpaka boriti ya mlango ilimficha kuanzia shingo kwenda juu. Nilichoona ni shati ya njano na mikono inaning'inia.

"Yaya," akasema, pole kabisa, kama mdogo anayemwita kaka yake, "uniachie nafasi ya kichwa."

Nikadhani ni mtu wa jamaa ametumwa kunisimamia. Mambo hayo nayachukia.

"Mama amesema ijae," nikamjibu, macho kwenye kompyuta.

"Weka ile nyeusi. Nyeusi haiui mutu. Mi naomba tu nafasi ya kichwa."

"Basi uende umwambie mama mwenyewe."

"Njia ya kumufikia sina," akasema, na mwanga ukarudi mlangoni.

Shati ya njano kwenye picha, shati ya njano mlangoni, na akili yangu haikuunga. Niamini, hatua chache tu, na sikuinuka. Nikahakikisha viatu vya baba viko ndani, nikakata juu, nikahifadhi, batri ikazima.

Kwenye kilio picha ilijaa vizuri ajabu. Baba mzima, kichwa mpaka viatu. Nyuma yake, shati ya njano bila kichwa. Mama Masika alisimama, akasogea, akapitisha mkono ukutani, juu ya televizyo, kama anatafuta kitu.

"Kambale iko wapi?" akaniuliza.

Hapo nikaunga ile shati na kijana wa mlangoni, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kijana wake alipita kwangu jana, mzima, tukaongea. Binti zake wakaacha kulia, wakaniangalia. Hakuna Kambale aliyefika Lubumbashi. Hapo ndipo nilielewa kwamba aliyesimama mlangoni hakuwa amefika kwa miguu.

Mama akaomba turudishe ile picha ya kwanza. Ya kwanza haikuwepo tena. Nilikuwa nimehifadhi juu yake. Nilipeleka karte kwa kila fundi ninayemjua, hawakupata kitu. Picha zingine zilibaki Goma, kwenye nyumba iliyoporwa. Uso wa yule kijana umebaki kwenye kumbukumbu ya mama na dada zake tu, na mama mwenyewe anasema umeanza kumponyoka. Majuto haya nalala nayo, naamka nayo.

Mpaka leo haijulikani kama Kambale ni mzima ao ni marehemu. Mama anapita kwangu akitoka misa. Hanigombezi, afadhali angenigombeza. Anakaa, ananiuliza: amekonda? Alikuwa kama mutu amekula? Namjibu, sikuona mama, niliangalia kompyuta. Anaitika, na Jumapili inayofuata anauliza tena.

Sasa sikia, wewe unayefanya kazi kama yangu. Picha ya mtu usiiguse kabla hujaweka nakala yake salama. Hilo ni la kazi tu, fundi yeyote atakuambia. Lakini mtu akisimama mlangoni kwako akaomba nafasi, hata kama kazi imekubana, inuka umwangalie usoni. Kuna mama atakuja kukuuliza.