Figo ya Beberu wa Posa

Kisyeri wa Nkende amechinja mbuzi tangu ndevu hazijamwota, na majirani walishaamua kwamba atakufa bila mke. Mwaka huu, ndevu zikiwa nyeupe, Mokami wa Mbalibali akamkubali. Kisyeri mwenyewe hakuamini. Alishinda wiki nzima akicheka peke yake buchani.

Siku ya posa alimpeleka ukweni beberu wake, akamchinja. Figo moja ikachomwa kwa ajili ya mzee Daudi, mjomba wa Mokami, maana ndiye mwenye haki nayo. Ya pili akaitumbukiza kwenye deli la barafu la Scholastica, mtafiti wa mifugo anayemfuata kila anakochinja ili akusanye figo za mbuzi wa kila umri.

Daudi alitafuna, taya likasimama.

"Huyu alikuwa bado ananyonya," akasema. "Anayetuletea mtoto anatuona sisi watoto. Hakuna ndoa."

Kisyeri angeonyesha meno ya beberu yathibitishe umri, lakini kichwa mbwa walishaondoka nacho.

"Shikamoo mzee," Scholastica akaingilia. "Hiyo inapimika. Figo ya kitoto inategemea zaidi sukari. Ikikua, seli zake zinaongeza vinu vya kuchoma mafuta, maana kazi ya kuchuja haina mapumziko. Nikipima nitajua imefikia wapi."

Wazee wa ukoo waliokaa kikao na Daudi walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Wakaapa kusubiri majibu hapo hapo. Scholastica akaondoka na deli lake kwa bodaboda, wao wakabaki, na kwa kuwa matumbo nayo yalikuwa yanasubiri, Kisyeri akachinja tena kesho yake, na keshokutwa. Kila figo ilibishaniwa: hii ya sukari, hii ya mafuta. Mzee mmoja aliacha kutia sukari kwenye chai ili figo zake zikomae kabla kikao hakijaisha. Mokami alipika, akaosha masufuria, akapika tena. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwishowe Scholastica akapiga simu, ikawekwa spika. Beberu alikuwa mtu mzima kabisa, akasema. Figo yake inachoma mafuta barabara.

Daudi akajikuna kidevu. "Basi azipime na hizi nyingine. Huenda mashine imekosea."

Mokami akatua sufuria. "Mjomba, nina miaka arobaini na mitatu. Siku zote hizi nawapikia, nyie mnapima umri wa mbuzi."

Akaingia ndani, akatoka na begi. Kisyeri hakujua aiweke wapi mikono yake inayonuka damu. Alimwogopa mjomba, na alimpenda mwanamke huyu.

"Na wewe," Mokami akamgeukia, "unasubiri nani akwambie umekomaa?"

Kisyeri akalipokea begi, wakaondoka. Nyuma yao mjomba alikuwa anauliza chakula cha jioni atapika nani.