Kaka ameniletea sale kwa kioo cha Pijo ya baba

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, mzaliwa wa Kibosho, na kazi yangu ni kufunga vioo vya magari kwenye gereji moja hapa Moshi mjini. Admin, lifunike jina langu, maana ndugu zangu wengi wako humu na wakifika katikati wataanza kukisia. Wakisie tu. Nimechoka kumeza.

Baba yetu alikuwa na Pijo pikapu ya zamani, iliyobeba kahawa, ndizi na maharusi wa nusu ya kijiji. Ilisimama miaka mingi kwa sababu mvua ilikuwa inaingia kwenye kioo cha mbele, na kila fundi aliyepita alipaka silikoni juu ya silikoni ya mwenzake, hadi ukingo wote ukaonekana umepakwa uji. Baba alipoanza kuumwa aliniambia, "Krismasi hii ningependa niende misani na gari langu." Hakumwambia kaka yetu mkubwa aliyeko Dar. Aliniambia mimi. Msiojua wazee wa kwetu hamwezi kuelewa hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani kwa binti.

Niliomba ruhusa kazini nikapanda nyumbani. Ile silikoni ya zamani niliikwangua kwa kipande cha mti, kwa sababu vioo vya magari yale ukivigusa ukingoni na chuma vinamwagika vyote kama chumvi. Nikakitoa kioo kizima. Chini yake palikuwa na kutu, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kuizuia, nikaacha ikauke. Mpira mpya wa kuzunguka kioo nilihangaika mno kuupata. Siku ya kurudisha nilikivika kioo ule mpira, nikapitisha kamba kwenye mfereji wake kuzunguka, nikapaka maji ya sabuni. Mimi nikasukuma kwa nje na viganja, baba akakaa ndani akivuta kamba taratibu, na mpira ukawa unapanda kwenye bodi kidogo kidogo. Alikuwa anachoka haraka lakini kamba hakuiachia. Kioo kilipokaa alicheka, akasema, "Aisee, kumbe nina fundi nyumbani!" Nikapitisha gundi mpya chini ya mpira, nikawaambia wote wasiguse mpaka ikauke.

Kesho yake kaka akafika kutoka Dar, na kelele zake kama kawaida. Asubuhi ya Krismasi nilikuwa nyuma na mama tukiwapa ng'ombe majani, nikasikia mlio. Nilipofika mbele, kioo chote kilikuwa punje tupu kwenye viti na kaka amesimama pembeni. Baba akatoka, na baba zangu wadogo, tayari wamevaa kwa ajili ya misa. Kaka akasema, "Nimefungua mlango tu, kikamwagika chenyewe. Huyu alikibana vibaya. Mnampa mwanamke kazi ya kiume, mnategemea nini?"

Nikasema kioo nilichokifunga mimi hakimwagiki chenyewe. Akanigeukia, "Kwa hiyo mimi kaka yako ni muongo?" Baba akaniangalia, akasema kwa upole, "Basi, mwanangu. Kosa ni langu, nilikupa kazi usiyoiweza."

Angenitukana ningepona haraka. Alienda misani kwenye gari la kaka, amekaa nyuma. Kioo kingine hatukukipata, Pijo ikafunikwa turubai, na masika yaliyofuata tukamzika. Hata baba mdogo aliyekuwa ananiletea gari lake alihamia kwa fundi mwingine, na tukikutana mjini ananisalimia kwa huruma. Huruma! Mimi ninayefunga vioo kila siku.

Sasa juzi mama kashuka mjini na jani la sale kutoka kwa kaka. Kwa wasiojua, kwetu Uchagani sale ni jani la kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, na ukishalipokea jambo limezikwa, hulisemi tena popote. Kaka amekiri kwa mama. Asubuhi ile aliona gundi imetokeza ukingoni, akataka pang'ae kabla ya misa, akachukua bisibisi. Akagusa mara moja tu.

Na kwa nini leo? Kwa sababu Jumamosi ukoo unakutana kumkalisha kwenye nafasi ya baba, na kabla mbuzi hajachinjwa wazee huuliza kama kuna mwenye neno na mwenzake. Anataka mimi nisiwe na neno. Nikampigia. Akasema, "Dada, sale nimeshaleta, unataka nini tena? Nidhalilike mbele ya wazee?" Nikamjibu mimi nilidhalilika mbele ya hao hao, na mbele ya baba ambaye leo hawezi kusikia chochote. Akakata simu.

Nikamgeukia mama. Nikamuuliza, "Mama, wewe umejua lini?" Akainamia kanga yake, akaanza kuikunja pindo. Nikarudia kumuuliza. Ndipo akasema, "Mae! Mwanangu, alinieleza jioni ile ile ya Krismasi. Ningefanyaje? Ni kaka yako mkubwa. Wewe nilijua utaolewa, utasahau."

Ndugu zangu, mama alimuuguza baba miezi yote ile. Alimlisha, alimgeuza kitandani, alikuwa anamsikia akiniombea Mungu nipate kazi ninayoiweza. Na alijua.

Sasa yuko sebuleni kwangu, jani ameliweka mezani, anasubiri. Ana presha, na nikikataa itaonekana nimemuua. Nikilipokea, Jumamosi nitakaa kimya kaka akivishwa heshima ya baba. Kwa kaka nilishajiandaa. Kwa mama sikujiandaa, na yeye hajaniletea jani lake. Nishaurini wenye mioyo mipana, nilipokee?