Shamba la Mama Chini ya Maporomoko

Hapana, sikwenda kutalii. Maji yale nimeyaona yakidondoka tangu sijaota meno, nitalii nini? Niliitwa. Mdogo wangu Zaina, anayekaa kule mlimani, alimtuma muuza kabichi aniambie: dada njoo, shamba la mama linazungushiwa waya. Siku zile ruksa ya kuuza na kununua ilikuwa imefunguliwa. Viwanda vya hapa mjini vimeshapata wenyewe wapya, sasa wenye mikoba wamepanda milimani kuuliza kama na maji yanauzwa.

Alfajiri nikatoka Mafiga na kikapu changu, nikapanda pikapu inayofuata mboga Mgeta. Tulipoacha lami ya Mzumbe dereva akaanza: bibi, usiangalie chini. Kila kona, bibi usiangalie chini. Sasa niangalie wapi, na yeye mwenyewe kafumba macho?

Saa nne Mgeta, baridi inang'ata masikio. Kutoka hapo ni miguu. Vijana wananipita na magunia ya njegere kichwani, shikamoo bibi, halafu hawaonekani tena. Njia nzima naitikia marahaba kwa migongo.

Mchana nikayasikia maji kabla sijayaona. Ukipinda ile kona ya mwisho unayakuta, meupe, yanashuka kwenye jabali jeusi, na mvuke wake unalowesha magimbi ya mama pale chini. Katikati ya magimbi, vigingi vyekundu, waya wenyewe bado. Na kando ya vigingi shemeji yangu Salumu, mume wa Zaina, na kofia mpya yenye maandishi. Nikamuuliza imeandikwaje. Mimi sijui kusoma, naye hajui, basi kofia tukaiheshimu wote. Alikuwa ameahidiwa ukuu wa walinzi.

Mwenyewe mwekezaji, bwana mmoja wa Dar, alivaa viatu vyeupe kwenye tope letu. "Karibu mama, karibu sana, jisikie nyumbani." Ananikaribisha nilikozaliwa. Akanieleza na historia atakayowapa wazungu: chifu mmoja alijitupa pale juu kwa kumpenda binti. Nikamuuliza chifu gani. Akasema jina bado linatafutwa.

Nikamwambia nyuma ya maji kuna pango, bibi zetu walijificha humo na watoto siku za vita, wakala magimbi mabichi kwa kuogopa moshi, wakawashwa midomo siku tatu. Akafikiri kidogo, akasema watalii hawatapenda habari za kuwashwa.

Nilimtania bwana yule mpaka jua likaanza kushuka. Nikamwigiza anavyotembea, nikamwigiza Salumu anavyopiga saluti. Alicheka sana, mkono kaweka tumboni, halafu akafungua karatasi yake vilevile na kumsogezea Salumu kidau cha wino. Kwetu Waluguru shamba hufuata mama, mume analima na kula tu. Salumu anajua, ila kofia ilikuwa imembana kichwa. Zaina muda wote kainamia magimbi yake, anamenya. Asimwaibishe mumewe mbele ya mgeni, ndiyo maana aliniita mimi mwenye mdomo. Na mdomo ulikuwa umeshindwa, dole gumba la Salumu limeshaingia kwenye wino.

Kurudi nilirudi kesho yake, nimekaa juu ya kabichi, na vigingi sita vyekundu vimefungwa kwa kamba. Kuni nzuri zile, nilichemshia chai wiki nzima. Dereva akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nimejifunza kitu uzeeni: mimi nasema mwaka mzima, mdogo wangu anasema siku moja, na anayesikiwa ni yeye.

Maana dole lile lilipokuwa linashuka kwenye karatasi, nikamshika bwana mkono, nikamuuliza nani alimwonyesha mwenye shamba. Akajibu kwa upole kabisa, ndivyo alivyolelewa: "Mama, mimi nimefuata utaratibu. Nilifika, nikamuuliza baba mwenye nyumba."

Zaina akaweka kisu chini. Hakupaza hata sauti.

"Nyumba kajenga yeye, ni kweli. Lakini hapa hana hata gimbi. Huyu alikuja kuoa."